Kurkuma yako ilipita njia gani mbele ifike mu kikombe?

Mwezi wa saba hivi nilijimwagia mchuzi wa kurkuma (kwingine wanaiita binzari ao manjano) ku shati nyeupe ya kazi, nikakimbilia beseni na kipande cha sabuni, nasugua, na ile doa ya manjano ikageuka nyekundu mbele ya macho yangu, nyekundu ya matofali, mpaka mtoto wangu akaniuliza kama nimejikata. Nikasuuza na maji mengi, manjano ikarudi. Nikaanika shati ku kamba, na jua ya kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, wakati wa kiangazi unaijua, jioni doa ilikuwa imebakia kama kivuli, kesho yake saa tisa ilikuwa imeisha kabisa. Sikutia javeli hata tone moja.

Wamama wanaopika kila siku wanaijua hii habari ya doa. Mimi nafundishaka kemia mu segondere, na karatasi za kupimia asidi hazipatikanaka kwetu, kwa hiyo tunachovyaka karatasi nyeupe mu maji ya kurkuma, tunakausha, kisha tunapimia sabuni, ndimu, maji ya majivu. Ile nyekundu haikunishangaza. Kilichonikalisha chini ni jua. Juu ile kitu ya manjano iliyotoka ku shati njo ile ile kurkumini tunayoitafuta, yenye kila mtu anasema inapunguza uvimbe, inasaidia magoti, inafanya hivi na vile. Siku mbili ku kamba, haiko tena. Na kurkuma yenyewe tunaianika wapi? Ku jua hiyo hiyo, siku nyingi, imekatwakatwa vipande vyembamba, ku shitingi pembeni ya barabara.

Nataka niongelee hii jambo polepole, juu naona mu mji wetu tunabishana kila siku kama kurkuma inaponyesha ao haiponyeshi, kama tangawizi mbichi ni nzuri kupita ya kukauka, na hakuna mwenye anauliza hiyo kitu ilitendewa nini tangu siku ilipong'olewa mu udongo. Mimi naona swali la kwanza ni hilo. Mbegu ikiwa moja, shamba likiwa moja, watu wawili wakiikausha na kuipika tofauti, wanakunywa dawa mbili tofauti.

Pa Kadutu, hapa hapa Bukavu, mu soko kuko mama mmoja ninayenunuaka kwake. Iko na kurkuma mbichi mu beseni, bado na udongo wake, iko na ile iliyokauka mu mfuko, na iko na unga mu vichupa vya mayonezi vilivyosafishwa, vimepangwa ku meza mbele kabisa ili watu waone rangi. Nilimuuliza: "Mama, mu hizi tatu, gani iko na dawa mingi?" Akanijibu bila kufikiri mara mbili: "Ile ya unga, mwanangu. Haina maji tena, ni dawa yenyewe tu."

Jibu lake liko na akili. Kurkuma mbichi ni maji karibu asilimia 80, ile iliyokauka vizuri inabakia na maji asilimia 10 hivi, kwa hiyo kilo tano za mbichi zinakupa karibu kilo moja ya kukauka. Ukipima gramu kwa gramu, mama iko na haki, unga iko na dawa mingi kuliko mbichi. Lakini maji haitokaka peke yake. Inatoka na wenzake.

Nilinunua zote tatu nikazipeleka nyumbani nikaziweka ku meza. Kidole cha mbichi nilikivunja katikati, kikatoa mlio kama karoti, ndani rangi ya chungwa iliyoiva, na harufu ikapanda mpaka mu macho, iko na udongo wenye kunyeshewa, iko na ganda la chungwa, iko na kitu cha kuchoma kidogo kama pilipili. Kipande cha kukauka kilikuwa na harufu ya mbao, nyepesi, unaitafuta na pua. Unga ya mu chupa niliponusa nilikumbuka chaki. Nasema kweli, ilikuwa inanuka darasa.

Ile harufu njo mafuta ya kurkuma. Mu kurkuma ya kukauka vizuri yanakuwaka asilimia 3 mpaka 7, na kubwa mu ndani ni turmeroni, na hiyo turmeroni watafiti wanaiangalia kama dawa kwa haki yake, tena iko na dalili kwamba inasaidia kurkumini kupita mu utumbo. Watu wanahesabu kurkumini tu, juu njo yenye rangi, na mafuta yanaruka bila mtu kulia. Kila mara unaposikia nyumba nzima inanukia tangawizi ao kurkuma, jua kuna kitu kinatoka mu sufuria kinaenda ku dari. Masini ya kusaga nayo inapata moto, unga inatoka ya joto, na mafuta yanaenda na ile joto. Kisha unga iko na uso mkubwa kuliko kidole kizima, hewa na mwanga vinaingia kila upande, na mama anaiweka mu chupa yenye kuonyesha, ku jua, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Ni shati yangu tena, lakini mu chupa.

Sasa Uhindi, yenye inalima sehemu kubwa sana ya kurkuma ya dunia, wakulima hawakatake vipande na kuanika hivi hivi. Wanachemsha kwanza vidole vizima, na ganda yake, dakika 45 mpaka 60, wanangojea povu ipande na mvuke utoe harufu ya kurkuma, wanachoma na kijiti kuona kama kimeiva, njo wanaanika siku 10 mpaka 15, kisha wanasugua ganda la nje. Mtu anaweza kusema: mbona kuchemsha, si inaua dawa? Inapoteza kidogo, ni kweli. Lakini wanga wa ndani unaiva na kulegea, rangi inasambaa sawasawa, kidole kinakauka haraka na sawa kutoka nje mpaka katikati, na juu ni kizima, mwanga inapiga ganda tu, haifiki ndani. Wanalipa kidogo mu moto ili wasilipe mingi ku jua. Hiyo ni hesabu ya watu wenye wamefanya kazi hii vizazi na vizazi, na naona vibaya sisi tunairuka hatua hiyo eti inakula makala (mkaa). Inakula makala, sikatai, na gunia la makala siku hizi bei yake inauma.

Hata hivyo sitawasema vibaya wanaokata vipande. Bukavu si jangwa. Mvua inatushika kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, ziwa liko pale linapumua ukungu kila asubuhi, na kidole kizima kilichowekwa nje mu mwezi wa kumi na moja kinaweza kuoza mbele kikauke. Vipande vyembamba vinakauka haraka, na kukauka haraka kunakuokoa na adui mkubwa kupita jua, ni kusema ukungu, ile nywele nyeupe ao ya kijani inayoota ku kitu yenye haikukauka. Kuko aina za ukungu zinatoa aflatoksini, sumu ya ini, na hiyo kuchemsha chai hakuitoshe. Kati ya kupoteza nusu ya kurkumini na kunywa aflatoksini, mimi napoteza kurkumini bila kufikiri. Kitu ninachoomba ni kidogo: kata vipande, ndiyo, lakini anika chini ya paa penye upepo unapita, ao funika na nguo nyeusi nyepesi ili joto ifike na mwanga isifike. Na usianike chini ku barabara, juu vumbi na moshi wa pikipiki navyo vinaingia mu dawa.

Hiyo habari ya mvua iko na upande mwingine wenye unaniogopesha. Mu Bangladesh, miaka ya 1980, mafuriko makubwa yalilowesha kurkuma, ikatoka na rangi ya kufa, haiuzike. Watu wa masini wakaanza kutia unga ya rangi ya manjano ili ing'ae, na ile rangi ilikuwa kromati ya risasi, ni kusema risasi ile ile ya betri ya gari, yenye inaharibu ubongo wa watoto na haitoki mu mwili kwa urahisi. Mafuriko yakapita, desturi ikabakia. Mpaka watafiti wa chuo cha Stanford na wenzao wa Bangladesh walipofuata damu ya wamama wenye mimba, wakaona risasi, wakafuata mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka soko, na kutoka soko mpaka masini ya kusaga. Walitangaza hayo mwaka 2019. Serikali ikaingia, wafanyabiashara wakapigwa faini, matangazo yakabandikwa ku masoko, na kipimo ya kurkuma yenye risasi ku soko ikatoka asilimia 47 mwaka 2019 ikafika sifuri mwaka 2021. Miaka miwili tu. Nawaheshimu sana kwa hiyo kazi.

Sisemi unga ya Kadutu iko na risasi. Nasema ile njia ninaijua: kukausha vibaya kunaua rangi, rangi ikifa bei inakufa, na mtu mwenye njaa ya bei anatafuta rangi mahali pengine. Rangi ya kung'aa sana siipende tena. Nanunua vidole vilivyokauka, vizima, navunja kimoja mbele ya mama, ndani lazima kiwe cha chungwa nzito na kigumu kama jiwe, kisha nasaga mwenyewe mu kinu, kidogo kidogo, ya wiki moja. Mu kinu mkono unauma lakini unga haipate moto, na kidole kizima ni vigumu mtu akidanganye na rangi mpaka ndani.

Tufike ku sufuria.

Mwaka 2007 watafiti wa Mysore, kule Uhindi, walipika kurkuma namna watu wanapikaka nyumbani na wakapima kilichobakia. Kurkumini iliyopotea ilikuwa kati ya asilimia 27 na 53, na iliyopoteza zaidi ni ile ya dakika 10 mu sufuria ya presha. Lakini walipotia ukwaju, wenye uchachu, hasara ikashuka, asilimia 12 mpaka 30. Hapo mwanafunzi wangu yeyote angeweza kuelewa, juu tumeiona ku karatasi: mu asidi kurkumini inabakia manjano na inatulia, mu sabuni na majivu inageuka nyekundu na inaanza kuvunjika. Kuko jaribio lingine la mwaka 1997, waliweka kurkumini mu maji yasiyo na uchachu, pH 7.2, joto ya mwili wa mtu, na nusu saa haikuisha karibu asilimia 90 ilikuwa imevunjika.

Sasa fikiri maharage yetu. Kuko wenye wanatia bikarbonati ili iive haraka, na sombe vilevile, na wengine wanatumia munyu wa majivu wa kienyeji. Na maharage, juu Bukavu iko juu sana, mita 1,500 hivi, maji yanachemka ku digri 95 tu, inakaa ku mbabula masaa na masaa. Mtu anatia kurkuma mwanzoni pamoja na bikarbonati, anapika masaa matatu, kisha anasema anakula dawa. Anakula rangi kidogo na kumbukumbu. Tia kurkuma mwishoni, wakati maharage imeshaiva, pamoja na nyanya zako na mafuta yako, acha ichemke dakika chache, funika. Hakuna franki hata moja ulioongeza.

Na mafuta sio ya kupamba. Fanya hii kitu nyumbani, inachukua dakika tano: glasi mbili, moja maji ya moto, moja mafuta ya moto kidogo, yale meupe ya alizeti, sio mawese juu mawese iko na rangi yake. Tia unga ya kurkuma nusu kijiko mu kila moja, koroga, ngoja. Ku glasi ya maji, unga inashuka chini inakaa kama mchanga wa mto, na maji ya juu yanabakia na umanjano wa chai nyepesi. Ku mafuta, rangi inaingia mu mafuta yenyewe, yanageuka dhahabu, na hata unga ikishuka, dhahabu haishuke. Kurkumini haipendi maji. Wale wanaochemsha kurkuma, wanachuja mu bidoni, wanatupa makapi, wanakunywa maji, naomba mnisamehe, lakini sehemu kubwa ya kurkumini mnaitupa ku shimo la takataka. Ile mchuzi wa sambaza na nyanya, mafuta, kurkuma na pilipili kidogo, wenye mama zetu wanapika bila kuuita dawa, unafanya kazi vizuri kupita hiyo bidoni.

Tangawizi ni ndugu ya kurkuma, familia moja, lakini tabia tofauti, na hapa wengi tunakosea kwa upande mwingine, tunaamini mbichi tu njo dawa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Bukavu nzima ilikuwa inakunywa tangawizi na ndimu, na nilisikia watu wanatupa tangawizi ya kukauka eti imekufa. Haikufa, iligeuka. Tangawizi mbichi, ule ukali wake wa kwanza ku ulimi ni jinjeroli. Ukiikausha ao ukiipiga moto, jinjeroli inapoteza molekuli moja ya maji na inakuwa shogaoli, jina lililotoka ku neno la Kijapani la tangawizi, na shogaoli ni kali kupita mama yake: ku kipimo cha Scoville, kile cha kupimia pilipili, jinjeroli iko karibu 60,000 na shogaoli karibu 160,000. Ukiendelea kupika mu maji, sehemu ya jinjeroli inavunjika tena inatoa zinjeroni, yenye utamu na haichome sana, njo maana chai ya tangawizi iliyochemka muda mrefu inalegea inakuwa tamu mu koo. Wachina, karne na karne mbele mtu yeyote ajue molekuli ni nini, walikuwa wameshaandika tangawizi mbichi na ya kukauka kama dawa mbili, kila moja na kazi yake.

Na kitu tangawizi imeonyesha vizuri mbele ya wanasayansi, kupunguza kichefuchefu cha wamama wenye mimba, majaribio mengi yalifanywa na unga ya tangawizi ya kukauka, gramu moja hivi kwa siku, imegawanywa. Gramu moja. Sio bidoni. Dada yangu wakati wa mimba yake ya pili alikuwa anatapika mpaka maji, akakamua tangawizi mbichi glasi nzima akainywa ku tumbo tupu, ikamchoma mpaka akalia, akasema hataki kuiona tena. Tulimpa robo gramu ya unga, na chakula kidogo, mara nne kwa siku, kisha tulimuuliza daktari na daktari akakubali. Alikula bugali siku ya tatu.

(Iliki nayo ni ya familia hii, sitakaa sana: mafuta yake yako mu mbegu, na ganda njo chupa yake. Vunja ganda siku ya kuitumia. Iliki iliyosagwa mwezi uliopita ni vumbi yenye jina nzuri.)

Sasa kuko vidonge. Mu mji unaviona, vichupa vya kurkuma "ya nguvu", na puavre (pilipili manga) ndani, dolari nyingi. Habari ya puavre ni ya kweli. Mwaka 1998, kule Bangalore, walipa watu gramu 2 za kurkumini peke yake, mu damu hawakuona karibu kitu. Wakaongeza miligramu 20 za piperini, ile inayofanya puavre ichome, na kiasi mu damu kikapanda asilimia 2,000. Kila mwenye kuuza vidonge anaimba hiyo 2,000. Lakini piga hesabu. Kijiko kidogo cha unga ni gramu 3 hivi, kurkumini ndani ni asilimia 3 hivi, kwa hiyo miligramu 90. Ili ufike gramu 2 unahitaji vijiko 22. Hakuna mpishi hata mmoja ku dunia anayetia vijiko 22. Ile kitu ya mu kidonge sio kurkuma ya mama, ni kitu kingine kilichotolewa ndani ya kurkuma na kukusanywa, na mafuta yote yameachwa nyuma, na inaingia mu mwili kwa namna ambayo chakula hakijawahi kuingia.

Na piperini inafanya hivyo kwa kuzuia ini isifanye kazi yake ya kusafisha. Ini hiyo hiyo njo inasafisha na dawa zingine. Mtu mwenye anakunywa dawa ya kifua kikuu, dawa ya virusi, dawa ya kupunguza damu kuganda, asichezee vidonge vya kurkuma na puavre bila daktari kujua. Mwaka 2019 Italia ilijikuta na kundi la watu wenye ini imevimba baada ya kunywa vidonge vya kurkuma, na mwaka 2022 wizara ya afya kule ikalazimisha onyo ku vichupa. Kamati ya wataalamu wa chakula ya Umoja wa Mataifa iliweka kipimo cha kila siku: miligramu 3 za kurkumini kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 60 ni miligramu 180, karibu vijiko viwili vidogo vya unga. Jiko la mama halifike hapo mara nyingi. Kidonge kimoja kinaweza kupita.

Tena niseme hii yenye itawauzi wengine: mwaka 2017 wanakemia walipitia majaribio ya kurkumini kwa watu, zaidi ya 120, wakasema bado hakuna lililosimama imara kuonyesha inaponyesha ugonjwa fulani, juu inavunjika haraka, haiingie mu damu, na inadanganya vipimo vya maabara. Sikuacha kuipika kwa sababu hiyo. Niliacha kumwambia jirani yangu mwenye sukari aache dawa zake anywe kurkuma.

Na hapa kuko kitu kinaniuma kama mtu wa Bukavu. Mji wetu unajua namna mti unakuwa dawa. Pharmakina, kiwanda cha dawa, iko hapa hapa, inatengeneza kinini, ile dawa ya malaria, kutoka ganda la mti wa kinkina, na watoto wa hapa wamekua wakiyaona yale mashamba ku milima. Hakuna mtu wa kinkina anayesema "ganda ni ganda". Wanapima. Ganda inakaushwa kwa kipimo, kinini ndani yake inahesabiwa ku maabara mbele ya kutoka, na mgonjwa anajua anameza miligramu ngapi. Na sikia hii: Mfaransa Pelletier, mwenye alitoa kinini mu ganda la kinkina mwaka 1820 pamoja na Caventou, ni yeye pamoja na Vogel, miaka mitano mbele, 1815, walitoa ile kitu ya manjano mu kurkuma wakaiita kurkumini. Mikono ile ile. Ganda ikapata kipimo, maabara, bei kulingana na kilichomo ndani. Kurkuma na tangawizi vikabakia vinauzwa kwa rangi na kwa maneno, na mkulima wa Kabare ao Walungu analipwa sawa, akaushe vizuri, akaushe vibaya. Nani basi atachoma makala kuchemsha vidole dakika 50 kama bei haimuone?

Shule yetu haina mashine ya kupima kurkumini. Tuko na mzani wa jikoni, maji, mafuta, karatasi na macho. Nilimwambia mama wa Kadutu tujaribu pamoja mbele mvua irudi, alicheka kwanza, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba kama inaharibika mimi njo nalipa. Jumamosi tulichukua kilo 15 za mbichi, tukazigawanya tatu. Tano tulikata vipande tukaweka ku shitingi ku jua kama kawaida yake. Tano tulikata vilevile, lakini tukaviweka ku chekeche ya waya chini ya paa la jiko, na kitenge cheusi juu. Tano za mwisho tulichemsha nzima, mama mwenyewe alikuwa anasimamia saa ya simu yangu, ku dakika ya 50 povu ikapanda, harufu ikajaza parsele mpaka majirani wakauliza tunapika nini, akachoma kidole kimoja na kijiti, kikaingia laini.

Leo ni siku ya tano. Za ku jua zimeshaanza kuwa nyeupe ku kingo. Za chini ya kitenge bado zinapinda kidogo, hazijavunjika. Zile zilizochemka ni nzito bado, zimekuwa nyeusi nyeusi nje, mama anaziangalia na wasiwasi, anasema hizi hakuna atakayezinunua na sura hiyo. Nilimuomba avunje moja. Ndani ilikuwa chungwa mpaka pembeni. Akainusa muda mrefu, akaifunga mu kona ya kitenge yake, akaenda nayo.